Uzinduzi wa Karakana ya Mng'ao wa Rimu, Stendi ya Kasulu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, waheshimiwa madereva, viongozi wa dini, viongozi wa bodaboda, nanyi msioongoza chochote, na kipekee kabisa Mama Odilia, aliyeuazimisha mradi rimu zake nne ziwe sampo, nawasalimu kwa Kiha, mwakeye! (Wanaitika kwa uvivu.)

Mimi Castory, Mwenyekiti wa Maisha wa Mradi wa Mng'ao wa Rimu, nimetumwa na ofisi yangu, yaani mimi, kuzindua karakana ya kimataifa, baada ya tathmini na monitoringi ya kina kuonyesha kwamba asilimia mia na nne ya rimu za hapa zinaoshwa kama sufuria! (Kicheko.) Msinicheke! Mtu anachota majivu jikoni, anasugua we, klia, ile rangi angavu ya juu, yote inatoka, rimu inabaki na michirizi kama pundamilia. Mwingine anapaka mawese ing'ae, akifika Nyakitonto vumbi lote jekundu limepanda bure.

(Odilia: "Mwenyekiti, rimu zangu ziko wapi? Jumamosi nambeba bibi harusi, na gari yangu iko juu ya matofali!")

Subira mama, suala lako liko kwenye mchakato. Sasa, uchaguzi. Kromu ni ya watu wa lami; tope likilala juu yake wiki mbili, inabambuka. Ile iliyochongwa kama kioo, kokoto moja tu, kwisha. Wekeni rangi ya unga, ile inayookwa kwenye oveni, muioshe kwa sabuni ya maji na kitambaa laini, rimu ikishapoa. Mimi niliwahi kung'arisha rimu moja, majogoo wa Gwarama wakawika saa nane mchana wakidhani kumekucha upya! (Makofi.)

(Odilia ameinama kwenye magurudumu ya gari ya mgeni rasmi. "Hee! Michirizi hii ya majivu niliisugua mimi kwa mkono wangu! Khamisi, utingo wangu, lete jeki!")

Safi, naona wananchi wameanza mafunzo kwa vitendo! (Nati zinalia. Matofali yanapita mkono kwa mkono.) Na ujenzi wa karakana umeanza! Rimu! (Safi!) Majivu! (Jikoni!) Castory! (Nati ya mwisho inaanguka.)

Nawashukuru sana, hasa Mama Odilia, maana karakana haijawahi kuwepo, oveni hatuna, hata brashi hatuna, na bila rimu zake nisingefika hapa leo. Dereva, washa gari twende!

(Dereva: "Twende na nini, mzee?")