Kilomita Mbili na Nusu za Hispania

Jumapili, 10 Machi 2019

Nimetangaza kanisani kwamba naenda Hispania. Sikupanga. Kosa ni la Gaston. Wakati wa ushuhuda alisimama kumshukuru Mungu kwa gari alilonunua, akatoa ufunguo mfukoni na kuutingisha hewani, na Victorine akageuka kumtazama. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikashuhudia kwamba Wazungu ninaowatengenezea baiskeli wananichukua wiki nzima niwe fundi wao huko mashambani Hispania: barabara zisizo na magari, nyumba za watawa za miaka mia tano, mizeituni kushoto na kulia.

Ukweli ni kwamba mteja mmoja alisahau kijitabu cha safari hiyo kwenye banda langu. Nimekisoma mpaka kurasa zimelegea. Mteja mwenyewe hajawahi kunialika hata chai.

Kwetu ushuhuda ukishatoka mdomoni haurudi. Mchungaji Elisée alisema safari imekwisha kupokelewa mbinguni, akaagiza baiskeli yangu iletwe madhabahuni, akaipaka mafuta ya upako. Aliipaka kwa imani kubwa, mpaka kwenye breki. Sasa haisimami. Kina mama wakanichangia kilo mbili za ndakala, dagaa wa kwetu Tanganyika, maana wamesikia huko hawapatikani.

Baada ya ibada Victorine aliniuliza karatasi yangu ya ukimbizi inaniruhusuje kuvuka mpaka. Hainiruhusu. Nikamwambia mafundi wana utaratibu wao. Alinitazama sana. Kisha akasema jambo lenyewe: Jumapili ijayo atatoa jibu, ataolewa na mimi au na Gaston. Akaongeza kwamba mume wake wa kwanza alikwenda Angola kutafuta almasi, mwaka wa tisa huu hata simu hapigi, na yeye amechoka na wanaume wa kuondoka. Nadhani ananipima. Mwanamke gani hampendi mtu aliyesafiri?

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika Hispania. Iko kaskazini mwa Johannesburg, baada ya barabara kuu, mkono wa kushoto.

Rafiki yangu Bakiri, Mrundi niliyejuana naye kwenye foleni ya karatasi, ni mlinzi wa geti la mtaa wa matajiri unaoitwa El Convento. Ulijengwa mwaka 2007, lakini kuta zimechorwa nyufa kwa rangi ili zionekane za kale. Kuna mnara wa kengele usio na kengele. Ndani yake mna antena ya simu. Kuna daraja la mawe juu ya kidimbwi cha samaki wekundu. Mizeituni ni ya kweli. Barabara ya ndani inazunguka mtaa mzima, na mchana haina gari hata moja, kwa sababu wenye nyumba wako kazini wakizilipia. Ni kijitabu changu kilekile, ila hiki unaweza kukikanyaga.

Nimekuja kwa baiskeli bila breki. Robot tatu, zile taa za barabarani, nilizipita zikiwa nyekundu, si kwa kupenda.

Nitalala chumba cha walinzi, nyuma ya jenereta. Bakiri hakufurahi. Alinikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba nimeshaipima: kilomita mbili na nusu kamili.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya picha. Nimefunga simu kwenye mpini wa ufagio. Mimi na mnara. Mimi na mzeituni. Mimi na ukuta wa kale, nikiwa nimefunika kwa mgongo kibao kinachosema walinzi wa hapa wana bunduki. Nimetuma kwenye kundi la kanisa. Zimekuja Amina arobaini na moja. Gaston hakuandika kitu. Nimefurahi kupita kiasi.

Halafu nikajisahau. Nikamtumia Victorine salamu za sauti, zile ndefu, za moyoni, na katikati ya neno nakupenda wakapita ndege wawili wa hadeda wakipiga kelele zao, wale wanaoamsha Johannesburg nzima kila alfajiri. Victorine aliuliza ni ndege gani. Nikasema wanafugwa na watawa. Akasema wanalia kama wa kwetu Rosettenville. Nikasema dunia ni ndogo. Hakuandika tena.

Jumatano, 13 Machi

Nimezunguka mara kumi na nne. Lazima niandike ukweli hata kama hakuna atakayeusoma: ilikuwa tamu. Hakuna teksi ya kunipigia honi wala mtu wa kunifukuza barabarani. Upepo, mnyororo, kivuli cha mizeituni. Miaka kumi na moja naishi mji huu, sijawahi kuisikia baiskeli yangu mwenyewe. Ina sauti nzuri. Kwa nusu saa nilikuwa kweli Hispania, na nilitamani Victorine awe nyuma yangu kwenye kiti cha mizigo.

Mzunguko wa kumi na tano ukaharibika. Mzee mmoja mkazi alinisimamisha kuniuliza nafanya kazi nyumba gani. Nikamwambia zote. Baada ya hapo ule ukimya ukawa mzito. Tangu Jumatatu hakuna aliyeniita jina isipokuwa Bakiri, naye huniita Hispania.

Nimekula ndakala asubuhi, mchana na jioni. Chumba kinanuka kama soko la Kalemie. Walinzi wengine wamehamia nje.

Alhamisi, 14 Machi

Umeme umeanza kukatwa tena, mji mzima kwa zamu. Hapa jenereta linanguruma karibu na sikio langu na taa hazijui kitu. Rosettenville ni giza. Gaston ametuma picha kwenye kundi: gari lake limeegeshwa mbele ya kanisa, nyaya nane zinatoka dirishani, watu wanachaji simu. Amepewa asante hamsini na mbili. Mimi nilipata Amina arobaini na moja kwa bara zima la Ulaya.

Nilimjibu kwa picha yangu juu ya daraja, nikaandika kwamba Warumi walilijenga. Bakiri anasema lilijengwa na binamu yake.

Ijumaa, 15 Machi

Siku mbaya. Naandika taratibu ili nielewe.

Victorine amenitumia ujumbe. Ana magauni ishirini na sita ya kwaya ya kina mama, yanatakiwa Jumapili. Cherehani yake ni ya umeme, na umeme unakuja anapolala na kuondoka anapoamka. Msomali mmoja wa Mayfair atamwazima cherehani ya miguu, ile ya zamani ya chuma, lakini inabidi ichukuliwe, na yeye anakaa ghorofa ya tatu bila lifti. Aliandika hivi, nanakili, pamoja na lile "Ya" la kumwita mtu kaka: "Ya Théodore, kama ungekuwa karibu ningekuomba wewe, si mtu mwingine. Uko mbali kweli?"

Niko kilomita thelathini. Nina baiskeli yenye kiti cha mizigo. Nina mabega.

Nilivaa viatu. Nikafika getini. Bakiri alifungua kabla sijamwomba, akasema haya, mon frère, nenda. Nikasimama pale mguu mmoja ndani ya Hispania na mmoja nje. Nikawaza: nikitokea Rosettenville leo, nitasema nimetoka wapi? Ndege gani inayorudi Ijumaa? Mchungaji Elisée ameshaniombea upepo wa Ulaya mbele ya watu mia mbili. Gaston atacheka mpaka Krismasi. Yote ni siku mbili tu, Jumapili nitakuwa mshindi, na baada ya hapo nitambebea mashine maisha yangu yote.

Nikarudi ndani. Nikamjibu kwamba niko mbali sana, na moyo unaniuma. La pili lilikuwa kweli.

Akaandika: "Sawa."

Bakiri alifunga geti bila kunitazama.

Jumamosi, 16 Machi

Umeme umezidi kukatwa. Gaston ameibeba cherehani. Hakutuma picha hata moja. Nimeyajua kwa Mchungaji Elisée, aliyeandika kwenye kundi kwamba ndugu Gaston aliipandisha ngazi zote mgongoni kwa sababu gari halipandi ngazi, na kwamba tumshukuru Mungu kwa migongo. Nilitamani Gaston ajisifu mwenyewe. Ningemjibu.

Sikuzunguka leo. Nilikaa kando ya kidimbwi. Bakiri aliniletea chai akaketi. Kisha akaniuliza nampenda Victorine au napenda kumshinda Gaston. Nikamwambia hayo ni maswali ya mtu asiye na mpinzani. Akachukua kikombe chake akaenda.

Jumapili, 17 Machi

Saa saba mchana imekuja picha. Kina mama ishirini na sita wamevaa magauni mapya ya kitenge cha kijani, mishono imenyooka. Mbele yao amesimama Victorine, macho mekundu ya kukesha. Mchungaji ameushika mkono wake mmoja. Mwingine umeshikwa na Gaston.

Harusi ni Julai.

Niliandika Amina. Nilikuwa mtu wa thelathini na tatu kuandika.

Jumatatu, 18 Machi

Nimerudi. Nilipitia Fordsburg nikanunua chupa ya zeituni, nikabandua karatasi ya bei kwa maji moto, nikampelekea Victorine. Zawadi ya safari ni zawadi ya safari, hata kama mtu amechumbiwa.

Nilipanda zile ngazi tatu. Ni nyingi. Alinipa kiti, akanipa maji. Ile cherehani ya chuma ilikuwa dirishani. Aliigeuza chupa mkononi, akaiweka juu ya meza, halafu akazungumza kwa upole, na ingekuwa afadhali angenitukana.

Alisema alijua tangu Jumanne. Sonia, jirani yake wa ghorofa ya pili, anafanya usafi El Convento, nyumba namba kumi na nne. Alikuwa anafuta dirisha la juu akaniona nikijipiga picha kwa ufagio. Victorine alimsihi asimwambie mtu, na Sonia hajasema. Alisema mwanzoni alicheka. Akaona kwamba mtu anayejificha wiki nzima kwa ajili yake, basi angalau yuko karibu. Alikuwa ameshaamua kuolewa na mimi. Ijumaa aliniandikia ule ujumbe akijua niliko, ili nipate sababu ya kurudi. Asingeniuliza nimetokea wapi. Alikaa dirishani tangu saa nne mpaka giza, akimtazama kila mwenye baiskeli anayekuja kutoka mjini.

Nilimuuliza kama bado inawezekana. Akasema sasa maji atampa mtu mwingine, mimi nimeshakunywa yangu. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Chupa alinirudishia.

Nilishuka nikiwa nalia. Sioni aibu kuliandika hilo. Nilimpenda, na alikuwa dirishani.

Jumanne, 19 Machi

Nimefikiri, na mambo si mabaya kama nilivyodhani.

Sonia aliona mtu. Hilo halikanushiki. Lakini alimwona nani? Alimwona ndugu yangu pacha, Théophile. Sijawahi kumtaja kwa sababu tulikosana kwa ajili ya kiwanja cha baba huko Kalemie. Yeye ndiye anayefanya kazi El Convento. Mimi nilikuwa Hispania. Ukitazama vizuri picha zangu utaona kwamba mahali pa kale pote hufanana.

Harusi ni Julai. Muda upo. Nimeacha kunyoa. Jumapili ijayo mimi nitakuwa mgonjwa, na Théophile atakuja kanisani na ndevu zake, kwa mara ya kwanza. Atakaa nyuma. Si mtu wa kujionyesha.

Leo nimemwandikia Victorine barua ya kumtambulisha, kwa mkono wa kushoto. Amejieleza vizuri, Théophile. Anasema hakujua habari za cherehani. Anasema angejua, angetupa ufagio palepale, angepanda baiskeli isiyo na breki mpaka Mayfair na kuibeba ngazi zote tatu, na kama watu wangemcheka angewaacha wacheke.

Nimeisoma barua mara mbili. Ni mtu mwema kabisa. Kuna hofu moja tu: Victorine akimwona, atampenda yeye.

Nimeanza kumchukia.