Pilau ya Mninga

Jumatatu, 5 Julai 1993

Mie mtu wa bahati. Naandika ukurasa wa kwanza kabisa, ijulikane. Wengine wana bahati ya mali, wengine ya watoto, mie nina bahati ya mkono. Kabla sijaja kupiga vanishi makabati hapa Keko nilikuwaga mpishi melini miaka mitatu. Mombasa, Maskati, Bombay, kote nimepakua. Nahodha wetu, Mgiriki wa sharubu, alikuwa akiletewa pilau yangu anavua kofia kwanza. Sufuria niliyoshika mie haijawahi kuungua.

Leo dada Mwanakombo kaniambia wakwe wanakuja Jumapili kutoka Tanga kupanga siku ya ndoa ya mwanawe Najat. Watu kumi na wawili. Ukitia majirani, arobaini. Mkuu wa msafara Bi Bahiya, mama wa bwana harusi, mwenye duka la vitambaa. Huyo mama ana maneno. Mwezi uliopita alisema pilau mwisho Tanga, na pilau ya Dar ni wali tu uliovalishwa kanzu. Kasema pia kwamba nyumba ya mke anaitazama jikoni kabla ya sebuleni.

Dada ni mjane na Najat ni mtoto wake mmoja. Kaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumapili ikiharibika, hana uso wa kutokea nje. Nikamwambia aniachie mie upishi. Kakataa. Mzee Salumu keshaambiwa, yule anayepika shughuli zote za Keko, na maneno yaishe.

Hayajaisha. Salumu hajavuka hata kivuko cha Kigamboni. Heshima ya Dar nzima tunampa yeye?

Jumatano, 7 Julai. Sabasaba

Kazi hakuna. Nimekaa uani na Demetria, mpangaji mwenzetu wa chumba cha nyuma, mwalimu, mtu wa Bukoba. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamtania kwamba sie wa pwani chakula hicho tunampa mgonjwa aliyekataa uji. Hakukasirika. Kasema kwao mgeni akifika hapewi maneno, anapewa ndizi.

Kisha nikamuuliza kilo kumi na tano za mchele zinakwenda na maji kiasi gani. Eti namjaribu. Kanitazama kama mwanafunzi aliyesahau daftari.

Alhamisi, 8 Julai

Mpango umekamilika. Nimekwenda kwa Mzee Salumu, nikampa shikamoo ya kuinama kabisa. Nikamwambia shughuli imeahirishwa, bibi yake bwana harusi kafariki Tanga. Mzee akaweka mkono kifuani, akamwombea marehemu dua ndefu. Akauliza kazikwa lini. Nikasema jana alasiri.

Nimejisikia vibaya kidogo. Mzee ana roho nzuri. Lakini huyo bibi sijawahi kumwona, pengine alishakufa zamani.

Ijumaa, 9 Julai

Siri imepatikana. Pilau lazima ipaliwe, yaani makaa ya moto yapangwe juu ya mfuniko ili wali ukauke juu na chini. Tanga wanapalia, Unguja wanapalia. Lakini wote kwa mkaa wa kawaida. Mie nitapalia kwa mninga. Mti wa vitanda vya mabwana wakubwa. Karakana imejaa vipande, nimebeba gunia zima. Vimenyooka, vinang'aa.

Jumapili, 11 Julai

Naandika nimejifungia chumbani. Magharibi bado.

Saa tatu asubuhi Mzee Salumu hajaonekana, dada akaanza kulia. Hapo nikatokea uani nimevaa msuli, mikono ya shati nimekunja, nikasema nipisheni. Dada yangu, mkubwa wangu, akanishika mkono akaubusu. Hilo naliandika kwa sababu silisahau.

Vitunguu vilikolea rangi, sikatai. Nyama iliiva. Maji nilipima kwa kidole, kama nilivyowaona watu wakifanya. Wageni wakaingia saa sita, na Bi Bahiya akavuta harufu ya bizari mlangoni, akasema si haba. Ningeishia hapo.

Sikuishia. Nikafunika sufuria kwa sinia, nikapanga mninga wangu juu yake unawaka. Moshi ukatoka wa bluu. Nikamwambia Najat hayo ndiyo manukato. Kilichokuwa juu ya vile vipande, kilichokuwa kinang'aa, ni vanishi. Nilipaka mwenyewe, tabaka mbili, mwezi wa tano. Ikayeyuka, ikapita kwenye tundu la sinia, ikaingia ndani ya kilo kumi na tano za mchele wa Kyela.

Pakua. Peleka kwa wageni. Bi Bahiya akatia tonge moja mdomoni. Akameza, mwanamke wa adabu yule. Akauliza nyumba imepakwa rangi lini.

Dada akaonja. Akakaa chini.

Hapo hapo hodi. Mzee Salumu, kanzu nyeupe, kasikia mtaani watu wa Tanga wamefika. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Bahiya, akainamisha kichwa, akampa pole ya msiba wa mama.

Pale pembeni ya mkeka kulikuwa na bibi mmoja mkongwe sana. Akauliza nani kafa. Wajukuu wakatazamana. Mmoja akajibu, "Ni wewe, bibi."

Mzee Salumu akasema habari alipewa na mjomba wa bibi harusi. Macho yote kwangu. Bibi akaniuliza kama nilimzika vizuri. Nikajibu ndiyo. Sijui kwa nini nilijibu ndiyo.

Aliyetuokoa sitaki kumwandika, lakini nitaandika. Demetria alitoka chumbani kwake na sufuria kubwa ya ndizi na maharage, akaitua mbele ya wageni, akasema karibuni. Hakuombwa na mtu. Yule bibi hana meno, akala sahani mbili. Bi Bahiya akauliza chakula hiki cha watu gani. Akaongeza kidogo. Akaongeza tena. Mzee Salumu akavua kanzu, akawapikia majirani wali mweupe kwa mchele uliobaki ghalani. Mie nikatumwa kumwaga pilau. Kuku wa jirani waliisogelea, wakarudi.

Jumatatu, 12 Julai

Nimejua leo ndizi zile zilikuwa za nani. Demetria alizipikia wenzake wa Bukoba, akina mama kumi na wanane, wanakutana kila mwezi, na jana ilikuwa zamu yake. Walifika saa tisa wakanywa chai ya rangi, na zamu yake itabidi airudie mwezi ujao.

Nimekwenda kumwomba radhi Mzee Salumu. Hakugomba. Kasema marehemu amemsomea siku tatu mfululizo, sasa nimwambie dua zile amhamishie nani.

Dada hasemi nami. Chakula kaniletea Najat. Nilitegemea anitukane. Akakaa mlangoni, akasema, "Mjomba, ungesema tu hujui. Mie ningekupenda vilevile." Nimeshindwa kula. Ilikuwa mchicha, na mchicha naupenda.

Ndoa ipo, lakini. Mwezi wa kumi. Bi Bahiya kakubali kwa sababu ya ndizi, kasema nyumba yenye jirani kama yule haiwezi kuwa mbaya. Masharti mawili. Apike Mzee Salumu. Na mjomba akae karakanani mpaka masinia yaoshwe.

Jumatano, 14 Julai

Siku mbili sijalala sawasawa kwa aibu. Mtaani wananiita Fundi Pilau. Nikaona mwanamume hakai hivi hivi, lazima alipe wema.

Nimemwendea Demetria. Nikamwambia mwezi ujao wenzake wakikutana apumzike, ndizi nitapika mie. Akauliza kama naziweza. Nikamwambia mama wee, nimekaa Bukoba miaka miwili, nilikuwa napikia wakubwa tupu, ndizi zangu watu walikuwa wanavuka ziwa kuzifuata. Akauliza nilikaa mtaa gani. Nikasema ule wa karibu na ziwa. Akasema haya, mjomba, karibu.

Nimeshaanza kuulizia sufuria. Moto safari hii nina wazo lingine, kuna jamaa wa karakana ana mabaki ya msonobari.

Sasa ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Bukoba sijafika. Meli nimepanda mara moja, abiria wa chini, Dar kwenda Mtwara, nikatapika tangu Mafia. Jiko la meli sijui hata lilikuwa upande gani. Bahati ya mkono sina, na sijawahi kuwa nayo.