Mashavu Yaliyovimba kwa Ajili ya Kanada

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi.
Shajara, uniwie radhi kwa ukimya wa miezi mitano. Sikuwa na jambo linalostahili wino. Sasa ninalo! Profesa Annie wa Lilongwe anachunguza kingamwili za matubwitubwi: hudumu miaka mingapi katika damu ya mtu aliyeugua utotoni? Anataka watu ishirini wa namna hiyo kutoka kambini. Atakayewaleta atakuwa msaidizi wake wa utafiti, na kupewa barua ya kumruhusu kutoka kambini na kuishi mjini. Mimi nilikuwa mhadhiri msaidizi wa biolojia chuoni Uvira, Kongo. Miaka kumi na miwili sijagusa darubini. Mpinzani wangu ni Sindayigaya, muuguzi wa zamani kutoka Burundi, asiyejua kusema uongo. Maskini!

Alhamisi, 6 Machi.
Balaa. Hapa, anayetolewa damu huaminiwa kuwa anapelekwa ng'ambo. Sikuwasahihisha. Walikuja hamsini, wote wakaapa hawajawahi kuugua chochote, kwa hofu kwamba mgonjwa hapandishwi ndege. Mama Cécile, mshonaji, alinikemea: "Mwalimu Mulenda, mi ni muzima tangu tumboni mwa mama! Usiniharibie dosye yangu ya safari!" Nikatafakari. Nikatangaza kwamba Kanada sasa inachukua waliougua matubwitubwi tu. Kufikia saa tisa, kila mtu alikuwa ameugua. Mama Cécile aliugua mara mbili, mashavu yote.

Ijumaa, 14 Machi. Lilongwe.
Damu haina adabu. Kumi na mmoja kati ya ishirini wangu hawana kingamwili hata chembe. Profesa aliuliza kwa upole walivimba wapi. Nikatoa nadharia: huenda kwa wakimbizi kingamwili hufa kwa huzuni. Hakuiandika. Sindayigaya alileta sita tu, baada ya kuwaeleza kwamba hakuna safari. Wote sita wanazo. Mtu asiye na ubunifu!

Jumatatu, 24 Machi. Dzaleka.
Mama Cécile alibisha hodi, begi mkononi. Ameuza cherehani. Nyumba amemwachia jirani. "Mwalimu, ndege njo lini? Kule baridi ni kali, nimenunulia batoto makoti." Nikamwambia avute subira.
Profesa anaanzisha utafiti wa pili, wa homa ya ini. Juma lijalo atachagua kati yangu na Sindayigaya. Nimekwisha kutangaza kwamba Australia inawapenda waliowahi kugeuka macho kuwa ya manjano. Orodha imejaa tangu asubuhi. Jina la kwanza ni Cécile, ameanza kukumbuka macho yake ya manjano. Profesa akishaamua, nitakuandikia.