Nilivyogeuka Meneja Mbele ya Wakwe

Jamani wa Iringa, leo nimeumbuka! Nimeumbuka hadi kwenye magoti ya bugaluu langu jipya, suruali la miguu mipana, ambalo sasa hivi limelowekwa kwenye beseni na sijui kama litapona. Barua hii isomeni kimoyomoyo. Asiisome mtu kwa sauti pale kantini.

Mnamjua Mzee Nyenza, Mhehe mwenzenu, jirani yangu hapa mtaani Soweto. Ndiye mshenga wangu. Wazazi wangu wako mbali Songea, nikamwomba yeye, mtani wetu sisi Wangoni, anisemee kwa akina Tusekile kule Ilomba. Akakubali. Siku mbili kabla ya kwenda, mbwa wake Meneja akafa.

Kafa kwa uzee tu, miaka kumi na tatu. Lakini Mzee akajifungia chumbani wiki mbili nzima. Hali, haongei, hanyoi ndevu. Posa yangu ikalala naye kitandani. Ikabidi nitume ujumbe Ilomba kwamba mshenga amefiwa. (Sikusema amefiwa na nani. Ningeanzaje?)

Ndiyo maana niliwaandikia mnitafutie mtoto wa mbwa wa ukoo wa Meneja huko kwenu, mwenye baka jeupe jichoni vilevile. Jibu lenu kwamba mmempata lilifika jana. Leo nimetoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Mzee.

"Mzee, Meneja anarudi! Rangi ileile, baka lilelile, ukoo uleule. Hata wewe hutawatofautisha."

Mzee akageuka kidogo kitandani. "Na nikimwita Meneja, akaja, hapo nani kadanganywa? Mimi au yeye?"

"Mbwa ni mbwa, mume wangu," akasema Mama Nyenza kutoka mlangoni.

"Basi na mume ni mume. Nikifa tafuta mwingine mwenye upara kama huu."

Mama Nyenza akautazama ule upara. (Nilimwona anafikiria.)

"Huyo wa Iringa," Mzee akaendelea, "atajua kupiga chafya kabla ya kubweka? Atajua kuchechemea mguu wa kushoto akiona matope, ili abebwe? Aka! Kanywe chai, mtani, uniache."

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Mnajua mtani akifiwa, mtani mwenzake ana kazi. Unavaa koti la marehemu, unatembea kama marehemu, mpaka wafiwa wacheke wasipotaka. Alipofariki kaka yake Mzee, niliingia msibani na kofia ya marehemu na kikohozi chake, hata mjane akacheka. Sasa kwa Meneja nani kafanya? Hakuna. Mbwa wa watu kazikwa bila mtani! Nikaona aibu kabisa.

Mkanda wa Meneja ulikuwa bado unaning'inia msumarini. Nikaufunga shingoni. (Ulinienea. Sisemi zaidi.) Nikatoka uani, nikapiga magoti kwenye matope ya mvua ya jana, chini ya dirisha la Mzee.

Nikapiga chafya. Nikabweka.

Nikaanza kuchechemea. Dirisha likafunguka kidogo, likatokea jicho moja.

"Wa kushoto, we Mngoni! Huo wa kulia!"

Nikabadilisha mguu. Na hapo, jamani, nikaona jino. Mzee Nyenza anacheka! Nikapandwa na mori. Nikazunguka ua mara tatu nikifukuza kuku wa Mama Nyenza, naye Mzee kajitoa dirishani hadi kifuani, anapiga makofi.

"Fanya ya mgeni!" anapaza sauti. "Fanya ile ya mgeni!"

Ile ya mgeni ni kwamba Meneja akiona mzigo wa mgeni, anaunusa, anauzunguka, kisha anainua mguu. Nikatafuta mzigo. Karibu na mlango wa ua nikaona mkungu wa ndizi umewekwa chini. Sikujiuliza umetoka wapi. (Mbwa hajiulizi.) Nikaunusa. Nikauzunguka. Nikainua mguu juu kabisa, bugaluu likapepea.

Kando ya mkungu kulikuwa na viatu.

Viatu vyeusi vya kanisani, vinang'aa. Nikavifuata kwa macho kwenda juu. Suruali, koti, tai. Baba yake Tusekile! Nyuma yake mama yake, kajitanda khanga ya msibani, kuku kwapani. Nyuma ya mama, Tusekile mwenyewe, kaing'ata khanga yake na mabega yanamtetemeka.

Walikuja kutoa pole. Si walisikia mshenga amefiwa?

Mimi hata kula mbele ya mzee yule sijawahi! Nikataka kumwamkia. Kilichotoka ni chafya. Chafya ya kweli, ya baridi ya matope!

"Huyu ndiye mfiwa?" mama mkwe akamuuliza mumewe taratibu.

"Nadhani," mumewe akajibu, "ndiye mkwe."

Nilitamani nizikwe palepale, kando ya Meneja. Mara mlango wa nyumba ukafunguka. Mzee Nyenza huyo, kavaa koti, ndevu za wiki mbili, machozi ya kicheko yanamtoka, akawaamkia kwa kilugha chao.

"Mugonile! Karibuni, karibuni! Aliyefariki ni mbwa wangu. Huyu ni mtani wangu, ananiliwaza."

"Mbwa?" akauliza baba mkwe.

"Mbwa."

Baba mkwe akatazama ndizi. Akatazama kuku. Akashika tai yake. "Nimevaa hii kwa ajili ya mbwa?"

Mama mkwe ndiye aliyeshindwa wa kwanza. Alicheka mpaka kuku akamponyoka. Mzee Nyenza naye hakupoteza muda, akanisemea palepale uani: "Kijana anayemtaka binti yenu ndiye huyo hapo chini. Kwa ajili ya mzee asiye hata baba yake, mmeona alipofika. Kwa mkewe atafika wapi?"

Baba mkwe akalegeza tai.

"Ndaga," akashukuru. "Tutakaa tuzungumze mahari. Ila siku hiyo awe amesimama."

Jamani, nimekubaliwa! Na Mzee amekula sahani mbili za ugali na karibu nusu ya yule kuku. Alipomaliza akaniita.

"Waandikie Iringa. Mbwa namtaka. Lakini wachague mweusi tii, asifanane na Meneja hata ukucha. Wa kufanana naye nimeshampata."

Kwa hiyo yule wa baka jeupe msimtume. Na harusini karibuni nyote, ila mwenye mafua abaki Iringa.