Kila Njia Inafika kwa Egesa

Jumamosi, 7 Juni 2025

Darasa la hadithi za simu, Busia mjini. Nimejiunga kwa sababu moja tu: Among. Anauza kadi za simu kwenye kibanda kilichopakana na duka langu la fotokopi hapa Malaba, na karibuni anahamia Port Victoria kumsaidia shangazi yake biashara ya samaki. Miaka miwili nampenda. Miaka miwili namwambia habari ya asubuhi.

Mwalimu Selpha ametueleza kwamba hadithi hizi hazina njia moja. Msomaji anafika njia panda, anabonyeza anachotaka, na hadithi inaelekea huko. Nimesisimka mpaka nikamwaga chai. Yaani Among atabonyeza kwa kidole chake mwenyewe mpaka anifikie! Sitahitaji kufungua mdomo.

Bilal naye yumo darasani. Bilal wa magodoro, ng'ambo ya barabara. Amefuata nini huyu?

Jumatatu, 9 Juni

Nimeandika kutwa. Wateja wameondoka na karatasi zao, shauri yao. Msichana mrembo yuko mpakani. Akienda kushoto, anakutana na Egesa, yaani mimi. Akienda kulia, Egesa amemtangulia. Kwenye posa nimeweka machaguo mawili: "Kubali" na "Kubali kwa furaha". Mwalimu Selpha amesoma kwa simu akasema hapo msomaji hana uhuru wowote, kila upande nimemwekea kizuizi. Wivu wa walimu.

Bilal ameandika kuhusu mbuzi aliyepotea. Ukitaka, mbuzi anavuka kuingia Uganda na kuwa mwenyekiti wa kijiji. Upuuzi mtupu! Among amemsoma huyo mbuzi mara nne. Nimemsikia kupitia ukuta wa mabati akicheka peke yake. Laiti kicheko kile kingekuwa changu.

Alhamisi, 12 Juni

Among amesoma yangu! Haikuchukua hata dakika. Amebonyeza mara tatu akatoka. Kumbe nilisahau kufuta ukurasa wa mazoezi, wenye chaguo la "Rudi nyumbani". Basi akarudi. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, alipitia wapi. Akacheka, akasema, "Egesa, sisi ni watu wa Malaba. Ukifunga geti, tunatafuta njia ya panya."

Halafu akauliza huyo Egesa wa kwenye hadithi ni nani. Nikasema ni jina tu. Jina tu! Ulimi wangu ndio adui yangu mkubwa, kuliko hata Bilal.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeziba kila upenyo. Sasa ukiingia hutoki. Nimemtumia Among, nikajipongeza kwa soda baridi.

Kumbe nimetuma kwenye kundi la darasa! Mzee Mulama, karani mstaafu kutoka Butula, amenipigia akiwa na hasira. Kila akibonyeza anaolewa na mimi, na sasa mama watoto anataka kujua Egesa ni nani. Bilal amenitumia pongezi za harusi. Mwalimu Selpha ameniambia kwa upole kwamba hadithi isiyo na mlango wa kutokea ni jela, hata ukiipamba maua. Nimemshukuru kwa ushauri, kisha nikamtumia Among hadithi ileile.

Jumatatu, 16 Juni

Ameondoka leo. Mzigo wake ulikuwa begi moja na godoro. Godoro la Bilal, bila shaka. Nilisimama mlangoni na kitambulisho cha mteja mkononi. Nilitaka kumwambia abaki. Nikamwambia safari njema. Alisimama kidogo, kama anayengoja kitu kingine, nami nikaongeza kwamba mvua inaweza kunyesha.

Mchana nimejikuta mbele ya kibanda chake nikitaka kununua kadi, na kibanda kina kufuli. Nina hamu naye mpaka chakula hakipiti. Nampenda. Hapa naweza kuandika hivyo bila shida, kwa sababu hakuna anayesoma.

Alhamisi, 19 Juni

Ujumbe kutoka Port Victoria! Naunakili ulivyo: "Egesa, hadithi nimemaliza. Umenioa mara nane na hujaniuliza hata mara moja. Huku kuna mtu wa boti ameniuliza, anataka jibu Jumapili. Sijamjibu. Wewe kama uko na swali, si uniulize tu? Simu niko nayo."

Nimeusoma mpaka chaji ikaisha. Anangoja! Anangoja swali langu! Nimelia kidogo, nimefunga duka, nimechaji simu, nimeandika, "Among, je," halafu nikafuta.

Hapana. Swali tupu ni la watu wa boti. Mimi nimesomea kazi hii. Nimeanza hadithi mpya, kubwa kuliko ya kwanza, ambayo ndani yake mwanamume anamuuliza msichana. Safari hii nimeweka hata nafasi ya kukataa. Mwalimu Selpha atafurahi. Nimemwandikia Among avute subira, swali linakuja. Nikijitahidi, litakuwa tayari mwezi wa Agosti.