Ombi la Likizo la Mwaka Jana

Jumatatu, 9 Juni
Mama kapiga simu kutoka hospitali. Bandeji ya macho inafunguliwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Anataka sura ya kwanza kuiona iwe yangu. Nikaahidi. Kumbe Bingwa, tunayekaa naye meza moja kazini, leo asubuhi ameshaomba Ijumaa hiyo hiyo, na bosi haruhusu watengeneza tovuti wawili kutoka pamoja. Kasema aliyeomba kwanza ndiye atakayepata. Sawa. Ukurasa wa kuombea likizo niliutengeneza mimi, na kwa uvivu wangu unaamini saa yoyote inayoonyeshwa na simu ya mwombaji. Uvivu nao una baraka zake.

Jumanne, 10 Juni
Nimerudisha saa ya simu nyuma mwaka mzima. Bingwa atanipitia wapi? Nikatuma. Papo hapo jibu: ombi limefutwa, limekaa zaidi ya siku thelathini bila kushughulikiwa. Sheria hiyo niliiandika mwenyewe, tena kwa majigambo. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Alhamisi, 12 Juni
Jana nimenuna kutwa. Leo nimerudisha simu hadi Jumatatu alfajiri tu, kwa kiasi. Limepita! Bado najipongeza, Bingwa akaja, akasema amesikia habari za mama na ameshaondoa ombi lake tangu juzi. Ningemwambia tu, kwani yeye si mtu? Nimeona aibu kweli. Ila bado namshuku.

Ijumaa, 13 Juni
Simu nilisahau kuirekebisha. Kengele imeniamsha jua limeshapanda, basi limeondoka. Nimefika hospitali saa tano kasorobo.

Mama alikuwa bado kafungwa macho. Muuguzi akaniambia daktari alikuja, mama akamkatalia, akasema mwanawe yuko njiani, hajawahi kumwangusha. Amekaa gizani muda wote huo kwa ajili yangu. Nililia, sioni haya kuandika.

Muuguzi alipokwenda kumwita daktari, nikapanda kiti, nikarudisha mishale ya saa ya ukutani.

Bandeji ikatoka. Mama akanitazama sana, akanishika shavu, akasema nimekonda. Kisha akainua macho ukutani, akaisoma saa mwenyewe, polepole: saa tatu kamili. Akacheka, akasema kumbe daktari ndiye aliyewahi mno, mwanawe hachelewi.

Muuguzi mwingine akaingia na sinia ya dawa za wodi nzima. Akaitazama saa, akasema kumbe bado mapema, akageuka, akatoka na sinia yake.

Saa nitairekebisha mama akilala.