Kibuyu cha Mama Mkwe Kichukuliwe

Kahama,
12 Juni 1994.

Kwa Mama Muuguzi Melania,
Kliniki ya Watoto.

Shikamoo Mama. Ni mimi Scolastika, Mama Abel, yule anayesinzia kwenye benchi la mizani kila mwezi. Kwa heshima zote naomba utume mtu wa afya aje akichukue kibuyu cha mama mkwe wangu, Bibi Nyamizi, kabla hakijaniua. Sababu ni hizi:

1. Tangu Abel aanze kula, bibi yake humnywesha maziwa mgando ya kibuyu hicho. Hakioshwi kwa sabuni hata siku moja! Chini huachwa maziwa kidogo ya jana, anayaita mbegu, ndiyo yanayogandisha ya leo. Mbegu yenyewe alipewa na marehemu mama yake kule Ushetu. Yaani mwanangu anakunywa maziwa yaliyoanza kabla ya Uhuru.

2. Matokeo yake mtoto haharishi, haumwi tumbo, mchana halali. Ana mwaka na nusu. Jana nimemkimbiza mara tatu mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baba yake yuko machimboni, hakuna wa kunipokea. Nimekonda mimi.

3. Donatus, mtoto wa jirani yangu Lusia, ni rika lake. Huyo hupewa soda kwenye chupa ya maziwa, na biskuti juu. Anakaa alipowekwa, kama gunia la pamba. Watu wanamfinya mashavu: "Huyu ndiye mtoto!" Wakimwona wangu wananiuliza, "Mama Abel, kwani kwako mnapika?"

4. Nawe Mama, badala ya kunitetea, ulimwambia Lusia mbele yetu, "Soda basi! Ngazi tatu tu anahema kama mzee." Kisha ukanigeukia: "Wewe endelea hivyohivyo." Hivyohivyo mpaka lini?

5. Naomba Abel aandikiwe soda, asubuhi na mchana, anenepe, atulie. Ikishindikana, niandikiwe mimi kitanda wodini.

Wasalimie wauguzi wote, na yule baba wa mizani aliyeng'atwa na Abel. Mwambie sikumtuma.

Wako mtiifu, mwenye usingizi,
Scolastika, Mama Abel.

N.B. Barua hii imekaa siku nne ikikosa wa kuileta. Nikaona nisiisubiri serikali, nikakiosha kibuyu mwenyewe kwa sabuni na maji ya moto, kama mnavyotufundisha. Maziwa yamekataa kuganda. Mama mkwe amekipakata, anakinusa, kasema neno moja tu: "Mkamwana, umemfuta mama yangu." Abel nikampa soda. Ametulia kweli, kakaa mlangoni, tumbo limemjaa gesi, anautazama msumari kibuyu kilipokuwa kinaning'inia. Nimepata nafasi ya kulala, usingizi hauji. Kesho sote watatu tunapanda basi la Ushetu kumwomba dada yake bibi mbegu ileile ya mama yao. Lusia ameniagiza ya Donatus. Sina karatasi nyingine, kwa hiyo Mama, naomba barua hii uisome kuanzia hapa. Na huyo mtu wa afya asije.